Mishumaa Isiyozimika

Mkandaji alikuwa mwoga, wala hakuwahi kulificha jambo hilo. Aliogopa ngazi zenye utelezi, aliogopa mbwa hata aliyefungwa mnyororo, na kila alipozima jiko nyumbani alirudi mara mbili kulitazama. Wifi yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alimbandika jina la Bibi Tahadhari tangu wiki ya kwanza ya ndoa, na kwa miaka kumi na mmoja hakuchoka kulitumia, mbele ya watu na nyuma yao.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, fundi alikuja kwa wifi yake akiwa mnyonge. Kuinamia cherehani mchana kutwa kulikuwa kumemkaza mgongo, hata akawa anatembea kama mtu aliyedondosha sindano na bado anaitafuta. Hoteli aliyofanyia kazi mkandaji ilikuwa na mabwawa manne ya asili: matatu yalikuwa wazi, baina ya miamba, ambamo maji ya kijito yalichanganyika na ya bahari; la nne lilikuwa pangoni, na maji yake yalitoka chini ya ardhi yakiwa na joto la kumbembeleza mtu. Mara moja kwa mwaka kila mfanyakazi aliruhusiwa kumleta ndugu mmoja aoge bila malipo kabla ya wageni kuamka. Mkandaji angeweza kumleta dada yake wa kuzaliwa. Alimleta wifi, akitumaini kwamba maji yangelainisha mgongo na ulimi kwa pamoja.

"Maji haya umeyaonja kwanza, Bibi Tahadhari?" fundi aliuliza walipokuwa wakishuka ngazi za pango. "Isije ikawa yana mifupa."

Mkandaji alicheka, kwa kuwa kucheka kulikuwa rahisi kuliko kujibu.

Bwawa la pangoni lilikuwa na ukubwa wa chumba cha kulala, na ngazi kumi na nne zilishuka mpaka ndani ya maji. Tangu Jumatatu, siku ardhi ilipotikisika kidogo na kugonganisha vikombe kabatini, vipovu vidogo vilikuwa vikipanda kutoka sakafuni mwa bwawa bila kukoma, kama maji ya chai yanayokaribia kuchemka. Meneja alifurahi mno. Alisema maji yamechangamka, akaagiza habari hiyo iandikwe kwenye ubao wa mapokezi. Yeye ndiye aliyeweka pia mlango mzito wa mbao juu ya ngazi, ili joto lisitoke na kelele zisiingie.

Kuzunguka ukingo wa maji kulikuwa na mishumaa thelathini, nayo ilikuwa ya betri. Zamani ilikuwa ya nta. Shangazi yake mkandaji, aliyefanya kazi hapo miaka ishirini kabla ya kumrithisha kazi hiyo, aliipanga chini kabisa, usawa wa maji, wala hakukubali ipandishwe juu ya rafu hata wageni waliposema ingependeza zaidi. Sheria yake ilikuwa moja: mshumaa ukizimika pasipo upepo, mtoe mgeni, kisha utoke nawe. Sababu hakuieleza, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuelezwa. Mkandaji aliishika sheria hiyo kama alivyoshika nyingine zote, kwa hofu. Lakini ilikuwa ni yeye aliyepiga magoti kila jioni kukwangua nta kwa kisu, na meneja alipoleta mishumaa ya betri, yenye ndimi za plastiki zinazotikisika kama moto wa kweli, alikuwa wa kwanza kushukuru.

Fundi alijitumbukiza taratibu, akaegemeza kichwa juu ya jiwe la ukingoni, akafunikwa macho kwa kitambaa. Maji yalimfika kidevuni. Alisema kwamba kama peponi ni hivi, ataanza kusali kwa bidii. Mkandaji akamsogezea taulo karibu, akaenda juu kupasha mafuta ya kukandia. Mlango mzito ukajifunga wenyewe nyuma yake.

Mafuta yalichelewa kupata moto. Aliporudi alikuwa na chupa mkono mmoja, na mkono wa pili kichoma manukato kidogo cha udongo, chenye kishikio na utambi uliokwisha kuwashwa. Alishuka akisema kwamba kila kitu kiko tayari, wifi atoke asije akaiva. Fundi hakujibu.

Mkandaji akasimama kwenye ngazi ya mwisho iliyo kavu. Aliujua mchezo huo. Mwaka uliotangulia, ufukweni, wifi yake alielea kifudifudi mpaka yeye akaingia baharini na viatu vyake, na watu wakacheka kuanzia pale mpaka kituo cha basi. Kabla ya hapo alijificha chini ya kitanda akamshika kifundo cha mguu. Safari hii, mkandaji aliamua, hatakimbia. Alikunja mikono kifuani, chupa kwapani, kichoma manukato kikining'inia kwenye vidole vyake, akasubiri.

"Nimeshaujua mchezo huu, wifi. Inuka."

Vipovu vilipanda. Ndimi za plastiki zilicheza ukutani. Mkandaji akahesabu moyoni mpaka ishirini, na alipofika ishirini akaongeza kumi, ili siku ya kusimuliwa asionekane mwenye haraka. Ndipo alipoona kwamba maji yalikuwa yakigusa mdomo wa chini wa wifi yake, na kwamba mdomo ulikuwa wazi, na kwamba anayefanya mzaha hauachi mdomo wake hivyo.

Alipiga magoti. Moto wa utambi ukalala upande, ukawa wa buluu, ukafa. Hapakuwa na upepo. Pua yake ikawashwa kama ya mtu aliyekunywa soda kwa pupa na gesi ikamrudia. Kichwa kikazunguka, moyo ukamwenda mbio kama wa mtu aliyepanda mlima. Akainuka kwa kupepesuka, na aliposimama wima, hewa ikawa hewa tena.

Alitoa kiberiti mfukoni mwa aproni, akawasha njiti mbele ya kifua chake. Iliwaka vizuri. Aliiteremsha. Ilipofika usawa wa goti ilizimika ghafla, kana kwamba imechovywa.

Hapo alielewa kazi ya mishumaa ya shangazi. Juu ya maji yale kulikuwa na maji mengine yasiyoonekana, ya hewa nzito isiyopumulika, yaliyotoka na vipovu na kutulia pangoni kwa kukosa mlango wa kutokea, na kichwa cha wifi yake kilikuwa chini yake. Mishumaa thelathini ya betri iliendelea kuwaka kwa furaha, kwa kuwa haikuhitaji kupumua.

Miguu ya mkandaji ilipanda ngazi bila kumwuliza. Ilipanda nne, ikapanda tano, na katika ngazi hizo tano aliyaona yote: mumewe akiambiwa, mama mkwe akikaa chini polepole, majirani wakinong'ona kwamba wifi kamtia wifi majini akamwacha. Aliona pia jambo jingine, ambalo lilikuwa baya zaidi: wakishuka watu wawili, watapandishwa maiti wawili. Alizimaliza ngazi zilizobaki, akausukuma mlango, akauzuia kwa chupa ya mafuta usijifunge, akaita kwa sauti ambayo wafanyakazi wa hapo walikatazwa kuitumia. Bustani ilikuwa tupu. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikamwuma, akaifunga, akashuka.

Pumzi ya kwanza ilitosha kumfikia fundi na kumpitishia taulo chini ya makwapa. Alirudi juu, akapumua, akashuka tena. Kwa pumzi ya pili alimvuta kupitia maji, ambayo yalimbeba kwa hisani, mpaka penye ngazi. Ya tatu ndiyo iliyomkomesha, maana mwili uliotoka majini ulirudishiwa uzito wake wote, na fundi alikuwa mwanamke wa mapande. Akavuta ngazi moja, akavuta ya pili. Macho yakaanza kuona giza pembeni. Akaliachia taulo, akapanda, akapumua kwa kwikwi, akarudi. Hakujua alirudi mara ngapi. Alijua tu kwamba kila aliposhuka aliogopa upya, kana kwamba hofu haikuwa imemwona kabla ya hapo.

Mwishowe alimlaza nje, juu ya vigae. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Kila mfanyakazi wa mabwawa alikuwa amefundishwa la kufanya, naye alifundishwa mara mbili kwa kuwa alidhani mara ya kwanza hakusikia vizuri. Akamwinua kidevu, akambana pua, akapuliza. Akapuliza tena. Kifua kikapanda kikashuka kwa pumzi isiyo yake. Alipopuliza mara ya saba, fundi alivuta hewa kwa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa.

Meneja alifika akikimbia, joho la kulalia likimpepea, nyuma yake mtunza bustani. Alipoambiwa, alimtuma mtunza bustani akaite gari la hospitali, kisha akachungulia mlangoni. Alisema huenda mgonjwa alizidiwa na joto tu. Wageni kumi na wawili wamelipangia bwawa hilo saa tatu. Na mishumaa, anaiona mwenyewe, inawaka. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Mkandaji aliinuka, akasimama mbele yake akiziba njia. Meno yalikuwa yakimgongana.

"Hushuki," alisema.

Meneja alimkumbusha kwa upole kwamba yeye ni mtu wa kuogopa mambo.

"Ndiyo. Naogopa. Ukitaka kuona, chukua kiberiti hiki, ushike reli, na usipite ngazi ya sita."

Meneja alishuka mpaka ngazi hiyo, akainama, akawasha njiti, akaunyosha mkono chini. Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili ilizimika juu zaidi. Ya tatu hakuiwasha. Alirudi juu, akakaa juu ya vigae na joho lake, akasema kwa sauti ndogo kwamba jana jioni alikuwa amemleta mwanawe kuoga humo.

Fundi alifumbua macho. Mkono wake ulipapasa mpaka ukaupata mkono wa wifi yake.

"Nilikusikia ukiniambia niinuke," alisema. "Nilikusikia vizuri. Mwili ulikataa."

Mkandaji alitaka kunyamaza, akashindwa. Akamwambia kwamba alisimama pale mikono kifuani, akahesabu, akaongeza, akidhani ni mzaha.

Fundi alitazama juu, akipumua kwa shida.

"Ningekuwa mimi, wifi," alisema, "ningecheka kwanza."

Hakuna aliyecheka. Fundi alifumba macho tena, na mkandaji akamwekea kiganja kifuani, akaanza kuzihesabu pumzi zake, moja moja, akiogopa kila nafasi iliyokuwa baina ya moja na nyingine. Gari lilipofika alipanda nalo bila kuondoa kiganja, na alikuwa amepita mia nne walipotoka langoni.