Wifi Aliyekuwa Akipaa

Msusi alikuwa amemgeuza mama mkwe wake kwa ubavu ili amfute mgongo, wakati wifi yake alipoingia, akainama kumbusu mgonjwa, na miguu yake ikaacha sakafu kiasi cha shibiri moja. Kandambili zikamtoka miguuni. Msusi akazisogeza kando zisije zikamkwaza mtu, akaendelea na mgongo.

Wifi alikuwa amerudi kutoka mbali kuja kumuuguza mama yake aliyepooza. Kila alipomlisha, alipaa. Majirani walikuja kutazama, wakasema huo ndio upendo wenyewe, wakanywa chai, wakaenda zao.

Msusi hakuridhika. Mtu aliyepotea miaka na miaka harudi bure, na nyumba ilikuwa bado ya mama. Akapapasa chini ya kitanda akitafuta kamba. Akachungulia dirishani mama mkwe akiwa amelala. Wifi alikuwa hewani peke yake, anamfukuzia mama yake nzi huku machozi yakimtiririka. Hakukuwa na hila yoyote. Afadhali angekuta kamba.

Ila mtu aliye hewani hana pa kukanyagia. Wifi alipojaribu kumwinua mama yake ampeleke msalani, alipanda yeye, mpaka kichwa kikagonga dari.

"Wifi yangu, njoo basi umshike," aliita kwa upole.

Basi kuinua, kuogesha na kufua mashuka vikabaki kwa msusi, kabla hajaenda kufungua saluni na baada ya kuifunga.

Siku moja mumewe, akiwa anakula, alimtazama miguuni.

"Hivi wewe mbona hupai?"

"Nikipaa, mama atainuliwa na nani?"

"Sijauliza hilo. Dada anafanya kwa mapenzi. Wewe unafanya kwa nini?"

Msusi alifikiri kwa dhati. Mama mkwe hakuwahi kumpenda, wala yeye hakuwahi kumpenda mama mkwe.

"Hajiwezi," alisema. "Na mimi nipo."

"Basi?"

"Basi."

Mume akaisukuma sahani pembeni, chakula hakijaisha.

Kesho yake jibu hilo lilikuwa limeshamfikia wifi, na kabati la dawa lilikuwa na kufuli. Wifi aliomba radhi, akasema ni tahadhari tu, asimfikirie vibaya. Majirani wakaacha kusukwa kwake. Na msusi alipopeleka kijiko cha supu mdomoni mwa mgonjwa, mgonjwa alifumba midomo.

"Onja kwanza wewe," alisema mama mkwe.

Msusi akaonja. Mama mkwe akamkodolea macho kooni mpaka alipomeza, ndipo akakubali kulishwa. Bakuli lilipokwisha, msusi alipitisha mikono chini ya makwapa yake, akamnyanyua, akamkalisha karibu na beseni la kuogea. Wifi alikuwa juu yao, akiwatazama kwa huruma.

"Na hayo maji," alisema mama mkwe.

Msusi akachota kwa kiganja, akanywa.