Maji ya Saa Saba

Usukani wa koki kuu ulifungwa kwa mizunguko kumi na saba. Asubuhi ile mwanamke waliyemwita Mama Koki aliizungusha yote huku kapteni akihesabu kwa sauti, kama anayemfundisha mtoto namba.

"Kumi na tano. Kumi na sita. Usichoke, mama. Kumi na saba." Kapteni akainama, akatega sikio kwenye bomba. Maji yalikoroma ndani, yakakohoa, yakanyamaza. "Sasa huko Mtaa wa Juu wana maji?"

"Hawana, afande."

"Hata tone?"

"Yamebaki yaliyo kwenye mabomba tu. Jua likizama yatakuwa yamekwisha."

"Safi." Akajifuta mikono kwa kitambaa, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Kazi ile Mama Koki aliirithi kwa marehemu mumewe, mwaka wa kumi na moja sasa: kuwasha mashine ya dizeli alfajiri, kujaza tangi, kisha kuyagawa maji, nusu mji wa chini kwenye ofisi na kambi, nusu Mtaa wa Juu kulikojaa watu. Chumba chake kilikuwa ubavuni mwa mashine. Kila alichokuwa nacho kilinuka dizeli, mpaka mkate.

Serikali ilikuwa mbali, safari ya siku tatu kwa lori, na watu wa jimbo lile la mpakani hawakuwa wakiitaja kwa jina. Waliiita Kule. Kodi zilikwenda Kule. Nyaya za umeme zilipita juu ya mapaa yao zikielekea Kule, nao chini yake wakiwasha vibatari. Waliosubiri dawa kutoka Kule walizikwa wakisubiri. Mwisho watu wakachoka, wakapiga kura yao wenyewe shuleni, kwa vikaratasi vilivyochanwa kwenye madaftari, na kesho yake bendera mpya ikapanda juu ya posta. Aliyesoma tangazo la uhuru alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mdogo wake Mama Koki, mtu mpole ambaye hata chaki ilimtetemeka mkononi.

Uhuru ulidumu siku tisa. Siku ya kumi malori ya jeshi yakaingia, bendera ikashushwa, na waliokuwa wakiilinda, mwalimu akiwa mmoja wao, wakayeyukia Mtaa wa Juu, darini, stoo, chini ya vitanda vya watu wasiowajua. Jeshi lilipekua siku mbili. Halikumpata hata mmoja. Mtaa mzima haukuwa umeona kitu wala kusikia kitu. Redio ikatangaza kwamba hali ni shwari. Ndipo kapteni alipokuja kuuliza koki iko wapi.

Siku ya tatu tangu maji yafungwe, mama yake Mama Koki aliteremka kilima peke yake, akasimama nje ya seng'enge ya kituo cha pampu. Koplo aliyekuwa zamu akamtazama, akatazama saa yake.

"Dakika tano, bibi."

"Shikamoo, mama," Mama Koki akasema.

"Marahaba. Sina mate ya maneno mengi." Midomo ya mzee ilikuwa imepasuka. "Wifi yako amejifungua juzi. Wa kike."

"Alhamdulillahi! Mzima?"

"Mzima. Tumemfuta kwa kitambaa kikavu, hajaogeshwa mpaka leo. Mama yake alikuwa anakunywa maji yaliyochemshiwa viazi. Nayo yamekwisha." Mzee akaitazama mikono ya bintiye iliyoshika waya. "Hiyo koki wanaifunga wao?"

"Naifunga mimi, mama."

"Wanakupiga?"

"Hapana."

"Hm," mzee akaguna, na guno lile likamchoma Mama Koki kuliko tusi.

Akageuka kuangalia. Koplo alikuwa anachokonoa meno. "Saa saba mchana kapteni huenda kambini kula," akanong'ona haraka. "Huyu hapa akishiba husinzia. Kuanzia kesho nitafungua kwa saa moja tu, mpaka saa nane. Watu wawe na vyombo tayari, na kusiwe na kelele."

"Na mdogo wako, nimwambie..."

"Usiniambie alipo! Sitaki kujua."

Kesho yake, saa saba ilipogonga, koplo alikuwa amelaza kichwa ukutani, kofia usoni. Mama Koki akavua viatu. Alizungusha usukani mizunguko tisa, akipumzika baada ya kila mmoja ili chuma kisilie, kisha akasimama mbele ya geji inayopima msukumo wa maji bombani, roho mkononi. Sindano ilitulia kitambo. Halafu ikaanza kushuka, taratibu, na ilipofika nusu akajikuta anacheka peke yake, kiganja mdomoni. Huko juu mabomba yalikuwa yamefunguliwa. Mtu alikuwa anakunywa maji.

Siku hiyo walichota wanawake peke yao. Siku ya pili wakatoka na wanaume wachache, maana saa moja ni fupi na dumu la lita ishirini halipandi ngazi lenyewe. Siku ya tatu mtaa ulikuwa umezoea. Wakatoka hata wale wa darini.

Siku hiyo ya tatu kapteni hakukaa kambini mpaka saa nane. Saa saba na nusu mlango ulisukumwa. Akaingia na sahani yake ya chakula mkononi, akavuta kiti, akaketi kuielekea geji. Mama Koki alikuwa pekupeku, mkono juu ya usukani. Koplo alikuwa amesimama wima, macho makavu, wala hakuonekana kama mtu aliyetoka usingizini.

"Leo wamechota wengi," kapteni akasema, akitafuna.

Mama Koki akaanza kuuzungusha usukani kuufunga.

"Acha, usifunge. Waache wachote." Akaelekeza uma kwenye sindano. "Baba yangu alikuwa fundi bomba, mama. Nimekulia kwenye geji mimi. Siku ya kwanza nilirudi hapa nikakuta tangi limepungua kuliko kawaida yake. Vijana wangu wakataka kukukamata. Nikawaambia, mwacheni mama wa watu, ana huruma. Nyumba mia nne nimepekua sikupata mtu. Basi, nikasema, watoke wenyewe."

Kutoka juu kilimani ukasikika mlio mmoja wa bunduki, kisha mingi, kisha ngurumo za malori. Sindano ya geji ilibaki pale pale chini, hakuna aliyekuwa amefunga bomba. Kapteni akamaliza kula, akaweka sahani sakafuni, akashukuru kwa adabu, kana kwamba Mama Koki ndiye aliyempikia.

Malori yalipita mbele ya kituo saa tisa kasoro. Mawili yalikuwa yamefunikwa turubai. La tatu lilikuwa wazi, na wanaume walikuwa wamechuchumaa ndani, mikono kisogoni, mashati yameloa maji. Mdogo wake alikuwa ukingoni. Hakugeuza uso. Pengine hakumwona. Mama Koki alitaka kuita jina lake, akalimeza, kisha akakumbuka kwamba hapakuwa na cha kuficha tena.

"Nenda ukawaone ndugu zako," kapteni akamwambia. "Utapelekwa kwa gari."

"Nitakwenda kwa miguu, afande."

"Kwa gari, mama."

Akaketishwa kiti cha mbele, kando ya dereva, dirisha wazi. Gari lilipanda kilima polepole, polepole mno. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine kadiri lilivyokaribia. Penye bomba la mtaa palikuwa na ndala zisizo na wenyewe, madumu yaliyotobolewa, na damu iliyochanganyika na maji ikitafuta njia yake kwenye mtaro. Bomba lilikuwa bado linamwaga. Hakuna aliyeligusa.

Mama yake alikuwa amesimama kizingitini, ndoo moja iliyojaa miguuni pake. Wanawake wa jirani walikuwa nyuma yake, wamefumbata mikono. Mama Koki akashuka.

"Mama, sikujua. Haki ya Mungu, sikujua."

"Saa ya kuchota tuliambiwa na nani?" mzee akauliza. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Mimi. Lakini mama..."

Nyuma yake dereva alipiga honi, akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Mama! Kapteni anasema kesho saa saba kama kawaida. Usichelewe!"

Gari likageuka, likateremka. Mzee akainama, akaiinua ndoo kwa mikono miwili, akaimwaga yote mchangani mbele ya miguu ya bintiye, mpaka tone la mwisho, kisha akaingia ndani. Komeo likashushwa.

Mchanga ulikuwa na kiu. Ulikunywa mara moja. Ndani mtoto alianza kulia, kilio kikavu cha kukwaruza, na sauti dhaifu ya wifi yake ikauliza kama maji yamefika.