Mwanafunzi wa Plamedi

Plamedi alikuwa mtoto mwenye maneno mengi, lakini mwalimu akimwita mbele kwenye tablo kufanya hesabu, ulimi ulikauka. Kugawa kitu kizima vipande ndiko kulikomshinda kabisa. Alikuwa mwaka wa sita, mwaka wa mtihani wa serikali. Mama yake Lydie, mshonaji wa mtaa wa Ngezi, alikuwa ameshasahau masomo hayo, basi akatafuta msaada kwenye telefone.

Wa kwanza alikuwa kijana wa grupu moja la WhatsApp. Plamedi alipiga picha ya zoezi, jibu likarudi kabla chai haijapoa. Pointi zikapanda, nyumba ikafurahi. Halafu mwalimu akamwuliza mbele ya wenzake jibu lile amelipataje, mtoto akarudia tu jibu lilelile. Lydie akatoka katika grupu hilo siku ileile. Wa pili alijisifu sana, ila Lydie alipoomba kuketi karibu wakati wa somo, akasema wazazi wanasumbua. Lydie hakumjibu tena.

Tangu hapo akaanza kuwauliza wateja waliokuja kupimwa nguo. Mmoja wao, Angèle, akamtajia Mama Clémence wa Kisangani, aliyemfundisha mtoto wa Angèle kwa simu mpaka akafaulu. Lydie akampigia, akarudia ombi lake la kuketi karibu.

"Kaa," Clémence akasema. "Na mutu mwingine wa nyumba akipenda, naye akae. Mimi sitamupa mutoto jibu. Nitamuuliza tu, na weye usimusaidie."

Alikuwa na sharti moja: kila somo likiisha, Plamedi amfundishe mtu nyumbani. Lydie alikuwa na nguo za watu, kwa hiyo akabaki nyanya wa Plamedi waliyeishi naye, Koko Félicité, aliyekuwa amefuga ng'ombe kule Bogoro tangu ujana wake na hakuwahi kuingia darasani. Mwanafunzi huyu hakuwa mwepesi. Aliposikia kwamba moja juu ya nne ni ndogo kuliko moja juu ya tatu, alikataa katakata.

"Ine inapita tatu," akasema. "Nani amekudanganya?"

Plamedi akamgeukia mama yake, lakini Lydie akainamia mashini yake ya kushona kama hakusikia. Mtoto akafikiri, akakuna kichwa.

"Koko, wageni watatu wamekuja, na weye uko na kibuyu moya tu ya maziwa. Unawagawia sawasawa. Sasa wa ine anaingia. Kila mutu atapata mingi ao kidogo?"

Koko akachezesha midomo, akiwahesabu wageni wake. "Kidogo," akakubali. Kisha akaongeza, "Basi moya juu ya kumi, ile iko njaa."

Walicheka mpaka Lydie akashona mkono wa blauzi kinyume.

Si kila somo lilikwenda hivyo. Siku nyingine mtandao ulikatika, siku nyingine Plamedi alilia, na Clémence akarudi nyuma naye bila haraka. Lakini asubuhi moja mwalimu Nicolas alipoandika swali kwenye tablo, Plamedi aliinua mkono mwenyewe. Akaeleza habari ya wageni na maziwa. Darasa likacheka, na wengi wakaelewa. Mtihani ulipofika, alifaulu, na hesabu ndiyo iliyomvusha.

Lydie alipompigia Clémence kumshukuru, Koko aliomba telefone. Akamwuliza kama anafundishaka pia kusoma, kwa mutu ambaye meno imeanza kuisha.

Clémence akasema anawapenda wanafunzi wa namna hiyo, wanauliza maswali mazuri.

Jumamosi Koko Félicité alivaa kikwembe chake cha kanisani, akaketi wima mbele ya telefone, Plamedi ubavuni, akamsalimu mwalimu kwa sauti kubwa, kana kwamba sauti hiyo ilipaswa kufika Kisangani yenyewe kwa miguu.