Mkasi na Bandari ya Kenkrea

Miaka minne Tantine Valérie hakupitisha mkasi kichwani mwake, na kazi yake ni saluni. Wateja wa hapo katikati ya Durban walimtania weee: mwenye kutengeneza vichwa vya wenzake, chake anakifungia kilemba. Hakujali. Alikuwa ameweka nadhiri mbele ya kanisa zima kwamba hatakata nywele mpaka Aurélie, mtoto wa kaka yake anayemwita Tantine, yaani shangazi, amalize chuo awe nesi.

Sasa balaa ni hilo la nesi. Aurélie aliacha unesi mwaka wa kwanza, maana damu ilimtia kizunguzungu, akahamia akiolojia kulekule chuoni Westville bila kusema neno. Miaka mitatu alificha vitabu vyake nyuma ya makopo ya mafuta ya nywele. Leo matokeo yametoka, amefaulu. Alishuka taxi kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, akaingia saluni. Kama nadhiri ya Tantine imeharibika, aliyeiharibu ni yeye.

"Nimemaliza, Tantine. Lakini si unesi."

Mkono wa Tantine, uliokwisha kushika fundo la kilemba, ukasimama.

Aurélie akamwaga yote. Amesomea mji wa bandari wa Wagiriki wa kale, ambao sehemu yake ilizama baharini kwa matetemeko. Waliochimba walikuta chini ya maji makasha ya mbao yenye picha za vioo za kupambia ukuta. Zilikuwa zimefungwa vilevile, hakuna aliyewahi kuzitundika.

"Mji gani huo?"

"Kenkrea. Karibu na Korintho."

"Kenkrea alikonyoa Paulo mtume? Kwa ajili ya nadhiri?"

"Ndiyo, Tantine. Iko ileile."

Aurélie aliona haya. Kwenye tasnifu yake bandari ile ameiandika jiwe kwa jiwe, na habari ya nywele za Paulo ameisukumia kwenye tanbihi moja, maandishi madogo kama sisimizi. Na anaishi saluni!

Tantine alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Miaka mitatu unanidanganya. Hilo tutaliongea, na utalia," alisema. "Lakini Mungu nilimwomba umalize tu. La unesi niliongeza mwenyewe, ili nimringie Mama Deborah kule kanisani."

Akafungua kilemba. Nywele zilikuwa nyingi, zimeingia mvi ambazo Aurélie hakuwahi kuziona. Akamnyooshea mkasi.

"Kata."

"Sijui kukata, Tantine."

"Kata hivyohivyo."

Akakata, upande mmoja juu, mwingine chini, machozi yanamtoka na kifua kimekuwa chepesi, kwa mara ya kwanza tangu aache unesi.

"Na hayo makasha," Tantine aliuliza, ameinamisha kichwa, "walipofungua, vioo vilikuwa vizima?"

"Vingi vimepasuka. Lakini picha zinaonekana."

"Basi sawa. Endelea, na huku nyuma."