Mguu Uliobaki Kitandani

Katika yadi moja ya mbao Makambako, boriti hubebwa na watu wawili, na jozi iliyozoeana haitenganishwi, kwa sababu hatua zikipishana wote huanguka. Mmoja asipokuja, mwenzake naye hurudi nyumbani. Wakikosekana sana, nafasi yao hupewa wanaosubiri getini.

Odilo alibeba mbele, Enoki nyuma. Asubuhi moja yenye mvua Odilo aligeuka kuelekea lori. Wayo wake ulibaki palepale kwenye vumbi la mbao lililolowa, mwili ukazunguka. Kitu kilialika ndani ya goti la kulia, na goti likakwama likiwa limekunjwa nusu.

Hospitalini Njombe, Daktari Lidia aliingiza kamera nyembamba kwenye tundu dogo. Gegedu linalozuia mifupa ya goti isisagane lilikuwa limepasuka ukingoni, mahali ambapo damu bado hufika. Kulikata kungemrudisha Odilo kazini mapema na kumharibia goti kabla hajazeeka. Alilishona.

"Wiki sita mguu huu usikanyage," alisema. "Mizigo, sahau kwa miezi sita."

"Daktari, mimi ni mpakiaji."

"Ndiyo maana nimeshona."

Kabla wiki haijaisha Enoki alikuja kumjulia hali. Alisema getini kuna vijana wawili kutoka Igwachanya, na kwamba Fidelis, msimamizi, anawangojea yeye na Odilo mpaka Jumatatu.

"Sikulazimishi, kaka. Nimekuja kukusalimia tu."

"Salamu yenye Jumatatu ndani yake," alisema Hyasinta, mke wa Odilo.

Jumatatu Odilo aliamka. Mguu wa kulia haukuamka. Ulikuwa umeachana naye kwenye nyonga, bila damu, na ulibaki umenyooka chini ya blanketi. Odilo aliuvuta mara moja.

"Uache, Baba Flora," alisema Hyasinta. "Mguu wenyewe ulimsikia daktari. Wewe hukumsikia."

Odilo alikwenda yadini na mguu wa kushoto na gongo. Fidelis alitazama suruali iliyofungwa fundo.

"Wa kulia uko wapi?"

"Nyumbani. Unapumzika."

"Sawa. Boriti zisichelewe."

Hakuwa wa kwanza. Joackim wa kwenye msumeno alikuwa ameuacha mgongo wake kwa mama yake tangu masika, naye alifanya kazi akiwa ameegemea nguzo.

Odilo alirukaruka mbele, Enoki akajifunza kumfuata. Nyumbani Hyasinta aliufunika mguu, akaukunja na kuukunjua kama alivyofundishwa hospitalini. Odilo aliporudi jioni na kujilaza kando yake, mguu ulisogea ukutani. Ulinenepa kidogo. Yeye alikonda.

Wiki sita zilipotimia waliupeleka Njombe ukiwa umeviringishwa kwenye shuka. Daktari Lidia aliukunja, akaupinda, akaridhika.

"Umetii," aliuambia mguu. "Anza kukanyaga taratibu. Mizigo bado."

Odilo akamwomba atazame na wa kushoto. Goti lilikuwa limevimba na halikunyooka. Daktari alibonyeza pembeni ya kifupa cha goti, kisha akanawa mikono.

"Umepasuka na huu. Ulibeba nini?"

"Kila kitu."

"Nitaushona," alisema. "Masharti ni yaleyale."

Aliushona vizuri. Usiku wa kurudi nyumbani mguu wa kulia uliungana tena na nyonga, na Odilo akalala akiwa na miguu miwili.

Alfajiri wa kushoto ulibaki kitandani, kama ilivyotarajiwa. Lakini na wa kulia, ambao haukuwa umeruhusiwa mizigo, ulikuwa umeachana naye tena na kujilaza kando ya mwenzake. Odilo alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa ameshika gongo. Enoki alikuwa mlangoni.

"Wale wa Igwachanya wameshafika," alisema Enoki kutoka nje.

Hyasinta aliinama juu ya blanketi.

"Najua alichosema daktari," aliuambia mguu wa kulia kwa sauti ya chini. "Nenda naye hivyohivyo. Hawezi kubeba akiwa amekaa."

Mguu ulisogea, ukaungana na nyonga. Kisha ukateremka, ukakanyaga sakafu, na Odilo akasimama juu yake. Nje Enoki alikohoa kwa adabu, kuonyesha kwamba muda unakwenda.