Rangi ya Chungwa Kabatini

Msomi mzima, maabara nzima inamwita Dokta, halafu anakwenda kumpeleleza mumewe kwa kigae! Makubwa haya.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza fuwele zenye vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Ukizimulika kisha ukazima taa, zinaendelea kuwaka zenyewe gizani. Rangi yake inategemea kilichoingia vitunduni. Zikiwa tupu, kijani. Zikinywa mvuke wa pombe, rangi ya chungwa.

Mumewe, fundi cherehani, aliacha pombe binti yao alipozaliwa. Aliacha kweli, hadi majirani wakachoka kumsubiri ateleze. Lakini Dokta roho haikutulia. Akapaka unga wa fuwele kwenye kigae, akakificha kabatini upande wa mashati ya mume. Jioni akirudi anatundika koti lake la maabara upande wake, analala. Asubuhi anakimulika kigae kwa simu, anarudisha mlango, anachungulia. Rangi ya chungwa. Kesho yake, chungwa tena.

Angemuuliza faraghani, basi. Wapi! Aliwaita mama mkwe na wifi yake, akawakalisha sebuleni, akafunga mapazia, akakimulika kigae mbele yao na mume, akazima taa. Rangi ya chungwa.

"Sijagusa, mke wangu," mume alisema. "Naapa kwa mwanangu."

"Kigae hakina ugomvi na wewe," akajibu Dokta. "Kinasema kilichonusa."

Mama mkwe akainamisha kichwa. Mume akamtazama mkewe kama anavyomtazama mteja anayekataa nguo iliyomkaa vizuri, akaondoka na dada yake. Baadaye wifi alirudi kuchukua mashati yote, wala hakusalimia.

Siku zikapita. Asubuhi moja Dokta alifungua kabati achukue koti. Upande wa mume mtupu, hata hanga hakuna. Kwa mazoea tu akakimulika kigae, akarudisha mlango, akachungulia.

Rangi ya chungwa.

Alilivuta koti lake akalinusa. Spiriti! Ile ile anayooshea fuwele kutwa, inayomrukia mikononi kila siku. Spiriti nayo si pombe? Kitundu kitajuaje ipi ya baa na ipi ya maabara? Na wanafunzi wake anawafokea kila leo: makoti yaachwe huku huku maabara! Yeye, kwa kuwa ni mkubwa, hilo halimhusu. Mjinga mkubwa, alijitukana kwa sauti, na machozi yakamtoka.

Alitoka na kandambili za ndani. Njia nzima anapanga maneno: nisamehe, aliyenuka ni mimi, rudi nyumbani, mtoto anakuulizia. Akagonga kwa wifi yake.

Mume ndiye aliyefungua. Vifungo vya shati vilikuwa vimekwenda kombo, yeye ambaye hakuweza kuvumilia hata mshono uliopinda. Harufu ilimfikia Dokta kabla ya salamu.

"Umekuja kupima?" mume aliuliza, ameegemea mlango. "Safari hii usihangaike kuzima taa."