Sorry ya Mwalimu Ndolo

Mwalimu Ndolo hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu wa kupenda njia ya mkato. Kule Zombe yeye ndiye katibu wa mwethya, kile kikundi cha majirani wanaochimbiana matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa zamu, shamba baada ya shamba. Mwezi wa tisa zamu ilikuwa ya dada yake Kalunde, aliyekuwa Kitui mjini akimuuguza mkwewe. Ndolo akawaambia wenzake kwamba dada amemwachia zamu yake. Uongo mtupu. Matuta ya Ndolo yakachimbwa, kisha mvua ikaja ikabeba udongo wa Kalunde pamoja na mbegu.

Kalunde aliporudi alilitazama shamba lake na asimtaje nduguye kwa mtu. Ndolo akamtumia ujumbe wa neno moja: Sorry. Hakujibiwa, na dhamiri ikaanza kumsuta.

Wiki ya nne tangu hapo, Kidato cha Tatu walikuwa wakisoma historia ya maneno ya Kiingereza. Ndolo akaeleza kwa madaha kwamba "sorry" ni ndugu wa "sore", neno la kidonda. Zamani Mwingereza akilisema, alimaanisha kwamba anaumia moyoni. Karne zikapita, neno likapoa; leo mtu anakukanyaga, anasema sorry na hata hageuki.

Binti mmoja, Ummi, akauliza, "Na aliyekanyagwa, Mwalimu, anaifanyia nini hiyo sorry?"

Darasa likacheka. Ndolo akageukia ubao, akafuta mahali pasipo na maandishi. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumamosi mwethya ilikuwa kwa jirani yao Syokau. Ndolo alimkuta Kalunde mtaroni akichota udongo kwa karai, akina mama wakimtania kwamba mwenye kugawa zamu ovyo asilaumu mvua. Kalunde alicheka nao. Kicheko hicho kilimchoma Ndolo kuliko matusi.

"Hakunipa," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Kalunde hakunipa zamu. Niliwadanganya."

Majembe yakasimama. Syokau akaguna tu. Kalunde akaweka karai chini, akajifuta jasho kwa leso.

"Mimi nilijua tangu nirudi," akasema. "Nikanyamaza, nikajiambia huyu ni ndugu yangu, atakuja mwenyewe. Nimekungoja mwezi mzima, Ndolo."

Ndolo alitamani dada yake angemtukana. Kalunde akainua karai lake akaendelea na kazi, naye akabaki amesimama pale mbele ya watu, hana neno, la Kiingereza wala la Kikamba.